Shemeji wa Neria mbona tunamjua!

Sisi huku Temeke hatujambo. Umeme kukatika na maji kutoka kwa zamu hayo siyahesabu, maana nikianza kuyahesabu safu nzima itaisha na mhariri atanifukuza.

Leo sina mapenzi. Najua wapo watakaonuna, wale waliozoea kila wiki niwasute waume za watu na nyumba zao ndogo. Watulie. Mambo ya waume yatakuja tu, tena kwa mlango wa nyuma.

Leo nataka tuongee sinema. Na wala si sinema mpya! Naongelea ile ambayo umeshaiona mara sita, maneno yake unayajua, mwisho wake unaujua, na bado ikiwekwa unaacha vyombo kwenye beseni unakuja kukaa.

Kila nyumba ina yake. Wapo mama zetu wa Mother India ya mwaka 1957, ambao neno la Kihindi hawalijui hata la kuombea maji, lakini mahali pa kulia hawapakosei. Wapo wa Titanic, kila mwaka wanategemea labda safari hii meli itapita pembeni. Wapo wa Kanumba, ambao tangu ndugu yetu yule atutoke Aprili 2012 hawajampata wa kumkalia kiti chake.

Nyumbani kwetu sinema hiyo ni Neria.

Kwa wasioijua, na sijui mlikuwa wapi, Neria ni sinema ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba sinema yenyewe imenizidi umri, hivyo naiangalia kwa adabu kama mtu anayemsikiliza dada yake mkubwa. Aliyeiongoza ni Godwin Mawuru. Kisa kilitungwa na Tsitsi Dangarembga, mama yule ambaye mwaka 2020 riwaya yake iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker huko Uingereza.

Halafu sikieni hili. Waliokuwa watayarishaji wake, John Riber na mkewe Louise, baadaye walihamia kufanya kazi hapa hapa Dar, na ni miongoni mwa waliokuwa nyuma ya Siri ya Mtungi, ule mchezo wa runinga ulioanza mwaka 2012. Kwa hiyo Neria si mgeni sana kwetu. Ni kama ndugu wa upande wa shangazi.

Kisa ni hiki. Neria, aliyechezwa na Jesesi Mungoshi, anaishi Harare na mumewe Patrick. Si matajiri, si hohehahe. Wamejenga maisha kwa kushirikiana, wana nyumba, wana gari, wana watoto. Ghafla Patrick anafariki. Kabla machozi hayajakauka anaingia Phineas, ndugu wa marehemu. Anachukua gari. Anachukua kitabu cha benki. Anachukua vyombo vya ndani. Anaikalia nyumba. Mwisho anachukua na watoto! Na kila anachochukua anakisindikiza na neno moja tu: mila.

Aliyecheza Phineas ni Dominic Kanaventi, na amecheza bwana wee, mpaka ukikutana naye sokoni Tandika unaweza ukamwaga nyanya zako ukamfukuza na kikapu.

Sasa mnielewe tunavyoiangalia. Mimi na shoga yangu mmoja, msusi wa saluni, tumepanga chumba na sebule uelekeo wa Tandika. Nyumba ni ile ya Kiswahili yetu, korido katikati, wapangaji huku na huku, choo uani. Runinga ni ndogo, lakini ina tundu la flashi, na kwenye flashi yetu muvi zinakuja na kufutwa, Neria haifutwi. Kijana wa duka la muvi alijaribu siku moja kuifuta apate nafasi ya muvi ya Kikorea. Alichoambiwa na shoga yangu hakiandikiki humu.

Jumamosi usiku akisharudi kazini na vidole vimemvimba kwa kusuka, anaosha miguu, ananunua mihogo ya kukaanga na kachumbari, anasema, "Weka."

Tukishaweka tu, kimya kimya wanaanza kuingia. Mama wa chumba cha mbele na kigoda chake. Kijana wa bodaboda anasimama mlangoni, eti anapita tu, na anapita kwa saa moja na nusu. Sinema ni ya Kiingereza, basi mwenzenu mwenye kidato cha nne ndiye nafanywa Lufufu wa nyumba, natafsiri kama wale jamaa wa mikanda ya video. Hata hivyo siku hizi kazi yangu imepungua. Mama wa chumba cha mbele maneno ameshayajua, akiona nachelewa anayasema yeye kabla sijafungua mdomo.

Phineas akitokea, nyumba nzima inamtukana. Kijana wa bodaboda kila siku dawa yake ni moja: "Huyo ni wa kofi tu! Angepigwa kofi siku ya kwanza kesi ingeisha."

Mama wa chumba cha mbele anamjibu bila kugeuka: "Mwanangu, kofi halirudishi kabati."

Nimelifikiria sana jibu hilo.

Sinema ukiiangalia mara ya kwanza unataka kujua itakuwaje. Mara ya pili unajua itakuwaje, unalia kabla. Mimi mara ya pili na ya tatu nililia mpaka mafua, hasa muziki ule wa Oliver Mtukudzi ukianza. Mtukudzi, aliyetutoka Januari 2019, ndani ya sinema ni Jethro, kaka yake Neria, na sauti yake ile ya kukwaruza inakuingia kama mtu anakupiga piga mgongoni kukubembeleza.

Lakini mara ya tano, ya sita, machozi yanapungua. Unaanza kuona vitu vingine. Unaona mambo yalikoharibikia, na hayakuharibika siku ya msiba. Yaliharibika wakati bado wanacheka mezani. Pesa walitafuta wawili, na walipokuwa wawili hakuna aliyehitaji kuuliza kimeandikwa jina la nani. Swali hilo linakuja kuulizwa na mtu wa tatu, siku mmoja wao hawezi tena kujibu.

Ndiyo maana Phineas haanzi na watoto. Anaanza na vitu vyenye karatasi. Kitabu cha benki kwanza, huruma baadaye!

Ni shoga yangu aliyenionyesha hilo. Kuna usiku alisimamisha muvi pale pale, akasema, "Unaona mkono wake umekwenda wapi? Baba mdogo na yeye alianza na sanduku."

Basi nikaletewa habari yote, na kwa ruhusa yake nawapa.

Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Walikuwa na nyumba ya vyumba vinne Mbagala, kiwanja walichonunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Tofali za nyumba ile, asilimia kubwa ni vitumbua vya mama yake. Mama alikuwa anaamka saa tisa usiku, anakaanga, akirudi saa nne asubuhi pesa anampa mumewe akanunue simenti. Karatasi ya mauziano ina jina la baba peke yake. Nani angeuliza? Walikuwa wanapendana.

Arobaini ilipoisha tu, akaja baba mdogo. Hakuja kwa matusi, alikuja na mkate na sukari. Akasema, "Shemeji, nyaraka za marehemu nazichukua nikazihifadhi, hapa zitaliwa na panya." Sanduku likatoka. Baada ya miezi mitatu akasema nyumba ni ya ukoo na ukoo ndiyo utakaoamua. Baada ya miezi sita wapangaji walikuwa wanamlipa yeye. Mama akabeba watoto wawili, shoga yangu na mdogo wake wa kiume, akarudi kwao Mkuranga.

Mbona hakwenda mahakamani? Alitaka. Majirani wakamwambia mjane anayekimbilia mahakamani ana lake jambo, watu watasema alimuua mume ale mali. Mama akanyamaza. Phineas wa Harare na Phineas wa Mbagala wamesoma shule moja!

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana watu wengi wanadhani Phineas ana haki mkononi ila roho mbaya tu. Hapana. Mara nyingi hata haki hana. Ana kifua.

Chukueni habari ya shoga yangu. Baba yake alikuwa Muislamu na familia nzima ni Waislamu. Kwa mafungu ya Kiislamu, mjane ana fungu lake. Marehemu akiacha watoto, mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Asipoacha, robo. Mama wa marehemu akiwa hai ana sudusi yake, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Na marehemu akiwa ameacha mtoto wa kiume, ndugu yake hapati kitu. Hata punje! Kwa maana hiyo, baba mdogo aliyekuwa anasimama mbele ya wazee anataja dini, dini yenyewe ilikuwa imeshamtoa mlangoni.

Na kwa wale wa mila za kurithi wajane kama kiti, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 68 kimesema wazi: mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, hata mila ikisema vingine. Sheria hiyo ilikuwepo miaka ishirini kabla hata Neria haijatoka. Sisi tulikuwa wapi?

Na ule mchango wa vitumbua? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, si ya mirathi. Lakini neno lilishatoka kwenye mdomo wa mahakama kubwa kuliko zote nchini, kwamba kupika na kulea si "kukaa tu nyumbani".

Mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na kushitakiwa na ndugu kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila ya kumbagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Angalieni mwaka huo. Wakati Neria inaandaliwa Harare, huku kwetu mama mmoja wa kweli alikuwa ameshashinda!

Sisemi mambo ni mteremko. Kuna amri ya sheria za mila ya mwaka 1963 ambayo imewaumiza wajane wengi kwa kusema mjane hana sehemu katika urithi, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga waliipigania habari hiyo mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao na irekebishe sheria. Yaani kuna Neria waliokwenda mbali kuliko Neria mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana kuna kitu kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mahali pa kwenda pako mtaani kwetu. Mwaka 2021 Mahakama ilifungua hapa Temeke Kituo Jumuishi cha masuala ya familia. Mirathi, ndoa, talaka, watoto, vyote humo, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu chini ya paa moja. Watu tunapita na daladala kila siku tunaangalia jengo, tunasema "aisee zuri", halafu tunakwenda nyumbani kumlilia Neria kwenye flashi.

Mwezi uliopita shoga yangu alichukua siku moja bila malipo, akamleta mama yake kutoka Mkuranga, wakaenda. Mimi nikawasindikiza, si unajua tena kazi ya mwandishi.

Walichoambiwa si maneno magumu. Kwanza cheti cha kifo kutoka RITA. Mama akatoa karatasi kwenye khanga kwa fahari, ameitunza miaka yote hiyo. Kumbe kile ni kibali cha mazishi! Wengi tunavichanganya hivi vitu viwili. Kibali kinakuruhusu kuzika, cheti ndicho kinachozungumza ofisini. Pili, muhtasari wa kikao cha familia kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Tatu, majina ya warithi wote. Nne, waeleze kwa nini wamekaa kimya miaka yote hiyo.

Wakaambiwa na jingine, ambalo ningependa liandikwe kwenye khanga: msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki na kurudisha hesabu mahakamani. Ni baba wadogo wangapi wanaojiita wasimamizi na hesabu hazijawahi kurudi popote?

Kasheshe iko kwenye kikao. Kikao kinaitwa na nani? Baba mdogo hawezi kujiitia kikao cha kujitoa mwenyewe. Amebaki bibi, mzaa baba, ambaye yuko hai na anaishi kwa huyo huyo baba mdogo. Anakula kwake, dawa za presha ananunuliwa na yeye, kwa kodi za nyumba ile ile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shoga yangu hataki kabisa mtu amtukane mama mkwe wa Neria. Sisi wote tunapiga kelele, "Bibi huyo naye, si aseme!" Yeye ananyamaza. Yule bibi wa kwenye sinema, aliyechezwa na Violet Ndlovu, amebanwa katikati. Huku mtoto wa kiume aliyembakia, huku wajukuu wa yule aliyezikwa. Akisema ukweli atalala wapi? Msishangae kwamba yule mama aliucheza uso ule mpaka ukakaa kichwani mwa watu miaka yote hii. Nyuso za namna ile zimejaa Mbagala.

Wiki mbili zilizopita shoga yangu alikwenda kumwona bibi. Hakumpelekea kesi. Alimpelekea sukari na mafuta, akamsuka nywele zake nyeupe mistari mitatu. Katika kusuka akamuuliza, "Bibi, hivi unajua na wewe una fungu lako kwenye nyumba ya mwanao? Sudusi. Miaka yote hii na wewe hujapewa."

Bibi hakujibu mpaka mstari wa tatu ulipoisha. Kisha akauliza, "Hicho kikao mnataka watu wangapi?"

Hatujashinda jamani, msianze kupiga vigelegele. Kikao bado, cheti bado, na sanduku la karatasi liko wapi Mungu ndiye ajuaye. Baba mdogo ameshapata habari na ameshapiga simu mara mbili, safari hii bila mkate. Mama anaogopa na kila siku anauliza kama si bora waache. Hizo ni habari za kweli, hazina muziki wa Mtukudzi kwa nyuma wala hazijui kuisha kwa saa moja na nusu.

Lakini mimi nina neno kwa nyie mnaonisoma leo, hasa mlio na wenzi wenu na mnacheka mezani.

Tuacheni aibu ya kuuliza. Kuuliza "hiki kimeandikwa jina la nani" si kumtakia mume kifo, wala si kumchunga mke. Wanaume, mnaodhani wosia ni uchuro, mnajua mke wenu mtamwacha na nani? Na ndugu yenu yule mnayemwamini, anayekuja Jumapili kula pilau, mmeshamwangalia mkono wake unakwendaga wapi? RITA wanatunza wosia. Andikeni. Majina mawili kwenye karatasi ya kiwanja hayajawahi kuangusha nyumba.

Na nyie shemeji zetu mlio wema, maana mpo wengi, siku ya msiba ikifika msiseme "nazihifadhi". Semeni, "Shemeji, kaa nazo, mimi nitakusindikiza mahakamani." Mtu akikusindikiza hivyo, huyo ndiye ukoo.

Neria hakushinda kwa kulia. Alilia, nani asingelia? Lakini watoto walipochukuliwa aliinuka, akaenda kwa mwanasheria, akauliza haki yake iko wapi. Machozi ni yetu sote, tunayo ya kutosha Temeke nzima. Kinachotupungukia ni ile nauli ya daladala, na wengine wetu hata nauli haihitajiki, ni mwendo wa miguu.

Haya, mihogo imekwisha na nafasi imekwisha. Wenye visa kama hivi waniletee, majina nitayaficha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye mapenzi, kuna kaka mmoja wa Keko ana wachumba watatu na harusi moja, na wote watatu wameshashona sare. Kaazi kweli kweli!